iHub: Historia ya Baraza la Waunda Programu wa Nairobi

iHub ni kituo cha teknolojia kilichofunguliwa Nairobi mwezi Machi 2010, katika ghorofa ya nne ya jengo la Bishop Magua Centre, kando ya Barabara ya Ngong. Kilianzishwa ili waunda programu, wabunifu wa tovuti na vijana wenye mawazo ya biashara ya kidijitali wapate mahali pa kukutania, kufanyia kazi na kufunzana. Mengi yaliyoandikwa juu yake yanahusu jengo, wafadhili na wageni mashuhuri waliolitembelea. Historia yake, hata hivyo, inaanza miaka kadhaa nyuma, katika kundi la watu waliokuwa wakikutana bila ofisi, bila bajeti na bila katiba. Kituo kilijengwa na kundi ambalo tayari lilikuwa na mazoea ya kukutana, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini kilijaa mapema na kwa nini makundi yaliyotokana nacho yamedumu hata baada ya kituo chenyewe kuhama na kubadilisha wamiliki.

Mazingira kabla ya kundi

Elimu ya kompyuta ya ngazi ya juu ilipata makao Nairobi mwaka 1977, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta, ambayo baadaye ilipanuka ikawa shule kamili katika kampasi ya Chiromo. Kwa miaka mingi kompyuta ilibaki mali ya benki, mashirika ya umma na vyuo. Aliyejua kuiandikia programu alijulikana na wenzake wa ofisini tu. Wa benki hakumjua wa reli, na wa reli hakumjua wa chuo.

Intaneti ilipoingia nchini katikati ya miaka ya 1990, hali ilianza kubadilika. Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosoma Marekani, Ayisi Makatiani, Amolo Ng'weno na Karanja Gakio, ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuuza huduma hiyo. Saiba zikafuata katikati ya jiji na mitaani, na kizazi kizima kikajifunza kutengeneza tovuti kwa kulipia dakika.

Kizuizi kikubwa kilikuwa bei. Mawasiliano na nchi za nje yalipitia setilaiti, na Telkom Kenya pekee ndiyo iliyokuwa na haki ya kuendesha njia hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma waliungana kuanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, ili barua pepe itokayo Westlands kwenda Industrial Area isilazimike kuzunguka ng'ambo kwanza. Telkom ililalamika kwa mdhibiti, kituo kikafungwa baada ya muda mfupi, kisha kikafunguliwa tena mwaka 2002. Haki hiyo ya Telkom iliisha mwaka 2004. Mvutano huo uliwafunza wataalamu wa Nairobi jambo moja: matatizo yao hayakuwa ya msimbo peke yake, na mtu mmoja mmoja hangeyatatua.

Skunkworks na BarCamp

Kundi la kwanza lililowaleta pamoja waunda programu wa kampuni na vyuo mbalimbali lilikuwa Skunkworks, lililoibuka katikati ya muongo wa 2000. Miongoni mwa waanzilishi wake walikuwa Riyaz Bachani na Josiah Mugambi. Wanachama walijuana kwanza kwa barua pepe, wakiulizana kuhusu seva, Linux, leseni za redio za intaneti na bei za vifaa. Baadaye wakaanza kukutana ana kwa ana. Hapakuwa na ada ya kujiunga wala uchaguzi wa viongozi. Aliyekuwa na ukumbi aliutoa, aliyekuwa na projekta aliibeba, na aliyekuwa na la kufundisha alisimama mbele.

Mfano wa namna hii ulikuwepo tayari ulimwenguni. Homebrew Computer Club ya California ilianza tarehe 5 Machi 1975 katika gereji ya mmoja wa wanachama wake mjini Menlo Park, na katika mikutano yake Steve Wozniak aliwaonyesha wenzake kompyuta ambayo baadaye iliuzwa kwa jina la Apple I. Klabu hiyo haikuwa kampuni wala shule. Ilikuwa na siku inayojulikana, mahali panapojulikana, na desturi ya kila mmoja kuonyesha alichotengeneza.

Nairobi ilichukua desturi hiyo kupitia BarCamp, aina ya mkutano iliyoanzia Palo Alto mwaka 2005 na kuenea upesi katika miji mingi duniani. BarCamp ya kwanza ya Nairobi ilifanyika mwaka 2007, na Skunkworks walikuwa mhimili wake. Utaratibu wake ni mwepesi. Asubuhi ukuta mmoja huachwa mtupu, umegawanywa kwa saa na vyumba. Anayetaka kuzungumza huandika mada yake kwenye karatasi, husimama mbele ya watu na kuieleza kwa sentensi moja au mbili, kisha huibandika ukutani kwenye saa iliyo wazi. Mada mbili zikifanana, wenyewe hupatana na kuziunganisha. Asiyeridhika na kikao anaruhusiwa kuinuka na kwenda chumba kingine bila kuonekana mkosa adabu. Kufikia saa nne ratiba ya siku nzima imejaa, na hakuna mgeni rasmi aliyesubiriwa.

Kwa mji uliozoea semina za hoteli zenye hotuba ndefu za ufunguzi, utaratibu huo ulikuwa mapinduzi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliweza kumfundisha meneja wa benki namna ya kuunganisha tovuti na ujumbe mfupi wa simu, na meneja akaandika maelezo kwenye daftari.

Ushahidi, Januari 2008

Uzito wa mahusiano hayo ulidhihirika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia zilipozuka na matangazo ya moja kwa moja ya habari yakapigwa marufuku, Ory Okolloh, wakili ambaye pamoja na Conrad Akunga alikuwa ameanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia kazi za wabunge, alitoa wito kwa wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha matukio ya vurugu. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliitikia. Okolloh, Hersman na Rotich walikuwa wamehudhuria mkutano wa TEDGlobal mjini Arusha mwezi Juni 2007, na kufahamiana kwao kukafupisha kazi. Kobia aliandika sehemu kubwa ya programu akiwa Alabama, Marekani. Baada ya siku chache tu tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani, ikipokea taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi na kwa intaneti, na kuziweka kwenye ramani. Baadaye programu hiyo ilitolewa bure kwa yeyote, na baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la Januari 2010 ilitumika kukusanya taarifa za waliohitaji msaada.

Ushahidi iliwapa waunda programu wa Nairobi jina, na pamoja na jina ikaja njia ya kufikia fedha. Katika BarCamp ya mwaka 2008 yalisikika mazungumzo kuhusu hitaji la mahali pa kudumu. Kuazima kumbi kulikuwa kumefika mwisho wake: mwenye ofisi akihama au meneja mwema akistaafu, kundi lilianza upya kutafuta viti.

Kufunguliwa kwa kituo

Mwaka 2009 ulileta sharti lililokosekana. Kebo ya TEAMS ilifikishwa Mombasa mwezi Juni, na ile ya SEACOM ikaanza kutoa huduma mwezi Julai. Kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki iliunganishwa na dunia kwa nyaya za intaneti za baharini, na intaneti ya kasi ikawa kitu ambacho ofisi ya kawaida ingeweza kukilipia. Mipango ya serikali nayo ilikuwa imeelekea huko: Bodi ya TEKNOHAMA ya Kenya ilikuwa imeundwa mwaka 2007, na Katibu Mkuu wa Wizara ya Habari na Mawasiliano, Bitange Ndemo, alijulikana kwa kuwasikiliza wataalamu vijana.

Ushahidi, ambayo sasa ilikuwa shirika, na Hersman akiusimamia mradi wa kituo, ilipata ufadhili kutoka Omidyar Network ya Marekani na Hivos ya Uholanzi, ikakodi ghorofa ya nne ya Bishop Magua Centre, mkabala na duka kuu la Uchumi. Meneja wa kwanza alikuwa Jessica Colaço. Kukawa na bodi ya ushauri iliyotokana na jamii ya wataalamu wenyewe, ili kituo kisionekane kuwa mali ya Ushahidi au ya mfadhili.

Uanachama uligawanywa kwa rangi tatu. Wanachama weupe walijiandikisha bure, wakapata taarifa na nafasi ya kuhudhuria mikutano. Wa kijani waliomba na kuchujwa kwa kazi walizokwisha kuzifanya; waliopita waliruhusiwa kutumia meza na intaneti bila malipo. Wekundu walilipa ili wawe na meza zao za kudumu. Mpango huu ulisuluhisha tatizo ambalo kila kundi la bure hukutana nalo, yaani namna ya kuacha mlango wazi bila chumba kugeuka saiba ya kupakua filamu. Aliyetaka meza ya kijani alipaswa kuonyesha msimbo, tovuti au programu ya simu aliyoitengeneza; cheti cha chuo peke yake hakikutosha. Katika miaka michache waliojiandikisha walizidi 10,000.

Ukumbi wenyewe ulikuwa wazi, wenye meza ndefu, viti vya mifuko na kaunta ya kahawa, ambako mazungumzo mengi ya biashara yalianzia. Siku za mkutano meza zilisukumwa ukutani. Kwa kawaida kikao kilianza kwa kila mgeni kujitaja na kusema anachotafuta: mmoja anatafuta mtu wa kumbunia muundo, mwingine anatafuta kazi, wa tatu amekwama kwenye kuunganisha malipo ya M-Pesa. Baada ya mada mbili tatu fupi na maswali, kikao rasmi kilifungwa, na sehemu yenye manufaa zaidi ikaanza, watu wakiwa wamesimama karibu na mlango wakipeana nambari za simu.

Makundi yaliyozaliwa humo

Kituo kilifanya kazi kama mwavuli wa makundi madogo kuliko kama kundi moja kubwa. Mobile Monday, ya waliojishughulisha na programu za simu, ilikutana humo. Vilevile kundi la watumiaji wa teknolojia za Google, ambalo baadaye liliingia katika mtandao wa Google Developer Groups. Waliopenda Java, Python, JavaScript na usalama wa mitandao nao walianzisha vikao vyao, kila kundi na siku yake.

Lililofahamika zaidi ni AkiraChix, lililoanzishwa mwaka 2010 na wanawake vijana wakiwemo Judith Owigar, Linda Kamau, Marie Githinji na Angela Oduor Lungati. Katika mikutano ya kawaida wanawake walikuwa wachache mno, na waliokuja mara ya kwanza mara nyingi hawakurudi. AkiraChix walianza kwa kukutana wenyewe, kisha wakaanzisha mafunzo ya programu kwa wasichana wa mitaa ya kipato cha chini, ambayo yamekua hadi kuwa chuo cha mwaka mzima. Lungati baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi.

Matunda ya kibiashara yalionekana mapema. Novemba 2010, katika shindano la IPO48 ambapo timu zilipewa saa 48 za kuunda kampuni, ushindi na zawadi ya shilingi milioni moja vilikwenda kwa M-Farm, iliyoundwa na Jamila Abass, Susan Eve Oguya na Linda Kwamboka. M-Farm iliwawezesha wakulima kujua bei za mazao sokoni kwa ujumbe mfupi, ili wasidanganywe na madalali. Mwaka 2011 jengo lilelile lilipokea m:lab East Africa, kituo cha kukuza kampuni za programu za simu kilichofadhiliwa kupitia infoDev ya Benki ya Dunia, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa mmoja wa washirika wake. Nailab, iliyoanzishwa na Sam Gichuru, nayo ilikuwa humo. Julai 2011 Rais Mwai Kibaki alipozindua tovuti ya takwimu huria za serikali katika jumba la KICC, waliotakiwa kuzigeuza kuwa programu walikuwa watu wa ghorofa ya nne.

Mahali, saa na usafiri

Makundi ya Nairobi yamefuata ramani ya matatu kuliko ramani ya makazi. Vitongoji vya magharibi kama Kitisuru, Loresho na Spring Valley vina nyumba kubwa zenye nafasi ya kukusanya watu, na wadi ya Kitisuru katika eneo bunge la Westlands iko karibu na taasisi za elimu zilizo kando ya Barabara ya Lower Kabete, zikiwemo Shule ya Serikali ya Kenya na kampasi ya biashara ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Lakini matatu za eneo hilo, za kwenda Wangige, hupita barabara kuu tu. Asiye na gari akishuka humalizia njia kwa miguu kati ya kuta na malango yenye walinzi, na mwanafunzi asiyemjua mwenyeji husita kubonyeza kengele. Kwa sababu hiyo mikutano ya nyumbani katika vitongoji hivyo imebaki ya marafiki wachache, na anayetaka kundi lililo wazi kwa wote huteremka hadi Westlands, Chiromo au katikati ya jiji.

Bishop Magua Centre ilifaa kwa sababu matatu za njia ya 111 zilipita mlangoni. Saa nayo ilikuwa na hesabu zake. Kikao cha saa kumi na mbili jioni kiligongana na msongamano wa magari, na cha saa mbili usiku kiliwaacha watu njiani nauli zikiwa zimepanda. Makundi mengi yakatulia kwenye Jumamosi asubuhi au jioni ya siku ya kazi inayokwisha mapema. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kundi linalobadilisha siku na mahali kila mwezi hupoteza kwanza wanafunzi na wanawake, ambao safari ya usiku huwagharimu zaidi.

Lawama na mabadiliko

Umaarufu ulileta lawama. Nairobi ilipoanza kuitwa Silicon Savannah katika vyombo vya habari vya nje, wakosoaji wa ndani walisema kamera zilikuwa nyingi kuliko wateja, kwamba mashindano ya tuzo yaliwazoesha vijana kutengeneza programu za kuwafurahisha majaji badala ya wanunuzi, na kwamba fedha za uwekezaji ziliwafikia zaidi waanzilishi wageni kuliko Wakenya. Ndani ya kituo swali lilikuwa la mapato: ruzuku zina mwisho, na meza za bure hazilipi kodi ya jengo. iHub ilijaribu vyanzo kadhaa, ikiwemo idara ya utafiti na maabara ya kupima namna watu wanavyotumia programu. Josiah Mugambi wa Skunkworks aliwahi kuwa mkurugenzi wake mtendaji, na baada yake kituo kikaelekezwa zaidi kwenye biashara.

Mwezi Septemba 2016 Mark Zuckerberg wa Facebook alikitembelea katika ziara yake ya Nairobi. Mwaka uliofuata kituo kiliondoka Barabara ya Ngong na kuhamia Senteu Plaza, Kilimani. Septemba 2019 kilinunuliwa na Co-Creation Hub ya Lagos. Kwa wakati huo Nairobi ilikuwa na ofisi nyingi za pamoja za kukodi, shule za programu kama Moringa, na kampuni kubwa za kigeni zilizoajiri wahandisi hapa hapa, ikiwemo Microsoft iliyofungua kituo chake cha uundaji mwaka huo. Kazi ambayo ghorofa moja iliifanya peke yake mwaka 2010 ilikuwa imegawanywa kwa taasisi kadhaa.

Janga la korona lilisimamisha mikutano ya ana kwa ana kuanzia Machi 2020. Vikao vilihamia mtandaoni, na hapo ikaonekana tofauti kati ya makundi: yale yaliyokuwa na waandaaji watatu au wanne waliopokezana kazi yaliendelea, na yaliyomtegemea mtu mmoja yalinyamaza. Mwaka 2024, wakati wa mjadala wa Muswada wa Fedha, waunda programu vijana walitengeneza roboti za mazungumzo za kuwaeleza wananchi vifungu vya muswada huo, ari ileile ya Januari 2008 katika vifaa vipya.

Athari katika Afrika Mashariki

Mfano wa Nairobi ulikuwa na wenzake katika eneo zima. Hive Colab ilifunguliwa Kampala mwaka 2010, na mwaka 2011 Dar es Salaam ilipata KINU pamoja na Buni chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kigali ilifungua kLab mwaka 2012. Nchini Kenya, LakeHub ilianza Kisumu, na Swahilipot Hub ikaanza Mombasa mwaka 2016, karibu na Fort Jesus, ikiwachanganya waunda programu na wasanii. Novemba 2023 Zanzibar ilikuwa mwenyeji wa DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa bara zima ulioandaliwa na watu waliojifunza uandalizi katika makundi madogo ya namna hii.

Katika yote hayo, hatua za mwanzo zimefanana. Watu wachache wenye hitaji moja huchagua siku isiyobadilika na mahali panapofikika kwa nauli ya kawaida. Mwenye ofisi huazima chumba. Mada hutolewa na wanachama kwa zamu, na mgeni hupewa nafasi ya kusema anachotafuta. Kazi ya uandalizi hugawanywa mapema ili isimwelemee mmoja. Fedha, jengo na jina hufuata pale mazoea yanapokuwa yamekomaa. Skunkworks walipitia hatua hizo kabla hawajawa na ghorofa, na iHub ilizirithi. Makundi yanayokutana Nairobi leo, mengi yakiwa hayajawahi kukanyaga Bishop Magua Centre, yanaendeshwa kwa utaratibu huohuo.